Sauti Yangu Inasema Saa Tisa

Jumatatu, 3 Machi

Nimefungua saiba yangu ya intaneti saa mbili kasorobo. Nimepanguza viti. Nimewasha kompyuta zote sita, ya nne ikakataa kama kawaida yake, nikaipiga kofi, ikakubali. Chai ya flaski. Halafu, kabla mteja wa kwanza hajaingia, kuangalia kama wenye programu wamenijibu.

Hawajanijibu. Siku ya kumi na tisa leo.

Ripoti yangu iko pale pale. Majibu: sifuri. Watu wa kila nchi wako ndani ya ile programu, wanaandika msimbo bure, wanasaidiana bure, na juu ya ukurasa wameandika kwa herufi kubwa kwamba kila mtu anakaribishwa. Karibu wapi? Nimesimama mlangoni wiki tatu nikibisha.

Wacha niiandike hapa kwa Kiswahili, pengine itamwingia mtu akilini, hata kama ni mimi mwenyewe. Programu yenyewe ni ya kupigia wagonjwa simu za kuwakumbusha. Ni ya bure, yeyote anaichukua. Mimi ndiye niliyeitafsiri, miaka mitatu iliyopita, na sauti ya Kiswahili ni yangu. Kliniki ya macho ya kanisa pale Kambi Muru wanaitumia, mimi ndiye niliyewawekea. Jioni kabla ya siku ya daktari, mgonjwa anapigiwa. Anaambiwa kesho una miadi, saa fulani, tafadhali usikose, tunakujali. Sasa hiyo saa. Kliniki ni saa tatu asubuhi. Kwa kompyuta imeandikwa 9:00. Basi inasoma tisa, inasema saa tisa. Mgonjwa anafika saa tisa mchana na daktari ameshaondoka saa saba.

Hiyo ndiyo hitilafu. Mtoto wa nasari angeielewa.

Mteja ameingia. Anataka cheti cha tabia njema. Asubuhi yote ni hivyo, watu na vyeti vyao.

Jumanne, 4 Machi

Wamejibu! Ni yule mwenye picha ya bundi, ndiye mkubwa wao. Hatumii jina, ni picha tu. Nyumbani Bungoma bundi akilia juu ya paa watu hawalali. Yeye amemweka usoni mwake.

Bundi anasema asante kwa ripoti. Anasema niangalie kama nimeweka majira ya Nairobi sawasawa kwenye mipangilio.

Nimeweka. Nimeweka, nimeweka, nimeweka. Simu inapigwa saa kumi na mbili kamili jioni. Shida si saa ya kupiga. Shida ni saa inayotajwa. Nimeandika hayo kwa Kiingereza kizuri, na "tafadhali" mbili. Ningekuwa namwandikia kwa lugha yangu asingependa.

Alhamisi, 6 Machi

Bundi tena. Anasema haelewi. Anasema nijaze fomu ya ripoti vile inavyotakiwa: hatua kwa hatua, afanye nini ili hitilafu imtokee na yeye.

Hatua ya kwanza: zaliwa huku. Hatua ya pili: amka jua likitoka, mama yako akuambie ni saa kumi na mbili, ukingoja kidogo iwe saa moja. Hatua ya tatu: ishi hivyo mpaka uzeeke. Hatua ya nne: ambiwa na mashine uje saa tisa.

Sikuituma. Nilijaza fomu yake kwa adabu. Nilimweleza kwamba sisi hesabu ya saa tunaianza asubuhi, si katikati ya usiku. Nikamchorea na jedwali.

Saa kumi jioni nesi Jentrix amenipigia kutoka kliniki. Jentrix si mtu wa maneno mengi. Leo wamekuja wanne saa tisa. Mmoja ni Mama Awuor, anayeuza mboga ya sukuma sokoni Silanga. Ana mtoto wa jicho macho yote mawili. La kushoto limeshafunga, la kulia limebaki ukungu. Yuko kwa orodha ya kupasuliwa mwezi wa nne, daktari mgeni akija. Lakini kabla ya hapo lazima apimwe, na hii ni mara ya pili kukosa. Mashine inahesabu. Ukikosa mara tatu inakutoa kwa orodha yenyewe, bila kuuliza mtu, na Jentrix hana ruhusa ya kukurudisha. Miadi yake ya mwisho ni tarehe ishirini.

Nikamuuliza Jentrix mbona wengine wanafika asubuhi. Akacheka kile kicheko chake kikavu. Wengine hawasikizi simu, akasema. Wanajua kliniki ni asubuhi, saa kumi na mbili wameshapanga laini. Wanaochelewa ni wale wanaotii.

Sikio la kufa halisikii dawa, tuliambiwa. Hapa linalosikia ndilo linaloumia.

Jumapili, 9 Machi

Sijatoka. Nimefua. Nimepika ugali mwingi tena, mkono wangu haujazoea kupimia mtu mmoja. Mlango wa pili wanapika chapati na kucheka, na ukuta wetu ni mabati, kwa hivyo ni kama niko kwao, ila sipewi.

Nimehesabu watu nilioongea nao wiki hii kwa mdomo, ukitoa "una ID?" na "andika hapa". Ni Jentrix.

Kwa programu niko na marafiki mia mbili. Hakuna hata mmoja anayejua nakaa Kawangware, kituo cha 46, wala kwamba nikikohoa usiku hakuna wa kuniuliza ni nini. Nimeandika hayo bila kulia. Najipongeza.

Jumanne, 11 Machi

Leo nimejaribu kuwa mjanja.

Nilimwambia Jentrix aandike miadi ya Mama Awuor kuwa 3:00, ili mashine iseme saa tatu. Ikakataa. Inasema 3:00 ni usiku, kliniki imefungwa. Tukajaribu kumtoa kwa simu kabisa, asipigiwe. Kumbe ukimtoa kwa simu umemtoa na kwa orodha. Nani aliunda kitu kama hicho? Nani alikaa chini akasema hapa ndipo pazuri?

Basi nikafunga saiba mapema, nikajifungia choo cha ploti yetu ya kupanga ambako hakuna kelele sana, kama mara ile ya kwanza, nikarekodi upya. Mahali pa tisa nikasema tatu. Mahali pa nane, mbili. Mpaka mwisho. Nikatuma. Dakika kumi baadaye roboti yao ya ukaguzi ikarudisha na alama nyekundu, na Bundi nyuma yake: namba tisa lazima iseme tisa, kwa sababu ndiyo hiyo hiyo inayotaja tarehe.

Yuko sahihi. Nimekasirika zaidi kwa sababu yuko sahihi. Ningewaambia watu waje tarehe tatu badala ya tisa.

Halafu akafunga ripoti yangu. Sababu: programu inafanya kazi vile maelezo yanavyosema.

Maelezo gani? Nimeyasoma yote leo, kurasa zote. Sehemu ya sauti ina mstari mmoja. "Rekodi namba kutoka 1 hadi 31." Basi! Za nini? Zitatajwa wapi? Hakuna mfano hata mmoja. Hayo ni maelezo ama ni kitendawili? Nimeandika matusi marefu, nikayafuta, nikaandika mafupi, nikayafuta pia.

Alhamisi, 13 Machi

Nina aibu, na nitaandika kwa nini.

Asubuhi niliamka na hasira ya jana na juzi. Nikasema leo lazima nijue ni mpumbavu gani aliyeandika neno "saa" mbele ya ile namba ya Kizungu. Programu inaweka kumbukumbu ya kila mstari, nani aliuandika na lini. Kwa Kiingereza hakuna shida, namba inakaa peke yake. Ni kwa Kiswahili mtu alichukua nafasi ya namba akaibandikia "saa" mbele. Nikatafuta jina lake nimwandikie.

Ni mimi.

Nekesa, miaka mitatu iliyopita, alasiri moja, mistari mia na arobaini kwa mpigo. Nakumbuka siku hiyo. Nilikuwa nimefurahi. Nilikuwa nataka kumaliza kabla wengine hawajaanza, jina langu liwe la kwanza. Niliona pale pana nafasi ya namba. Sikuuliza ni namba ya saa gani. Nilidhani saa ni saa, kwani kuna mtu asiyejua saa?

Kuuliza si ujinga. Nimewaambia wateja hilo mara ngapi wakija na fomu wamejaza upuzi? Kumbe mkuki kwa nguruwe. Mwezi mzima natukana maelezo yao, na mkono wangu ndio uliandika.

Sijamwambia mtu. Nani ningemwambia?

Jumamosi, 15 Machi

Nimeenda Silanga mwenyewe. Nilifunga saiba saa sita, nikatembea, Ngong Road, Woodley, Makina, nikashuka Kambi Muru nikapita kliniki imefungwa. Jentrix alinielekeza: karibu na bwawa, baada ya wauza makaa, uliza Mama Awuor, kila mtu anamjua.

Kila mtu anamjua kwa sababu ya kisu chake. Anakata sukuma nyembamba kama nyuzi na haangalii. Zamani hakuangalia kwa sababu ya ufundi, sasa haangalii kwa sababu haoni. Wateja hawajajua tofauti. Nilisimama nikitazama kile kidole na kile kisu, roho yangu ikiwa mkononi. Ana plasta kwa kidole cha shahada na nyingine kwa gumba.

Nilisema tu, "Habari yako, Mama." Maneno matatu.

Kisu kikasimama. Akainua uso, akaugeuza kidogo kama kuku anayesikiza. "Wewe ndio wa simu!" akasema. "Nyathina, umekuja!" Nyathina ni mwanangu kwa Kijaluo. Akashika mkono wangu na mikono yake yenye maji ya sukuma, akamwita jirani wa makaa: kuja uone, ndio huyu msichana wangu wa simu, yule nawaambianga, ako na heshima sana.

Nikamsalimia jirani.

Akanikalisha kwa debe. Akaniambia yote. Kwamba simu yake ni kuukuu, chaji haikai, kwa hivyo huizima mchana kutwa ili jioni iwe na moto nikipiga. Kwamba Awuor, binti yake, ako Mombasa na hupiga Krismasi. Kwamba mtu wa kumuuliza habari yako kwa utaratibu hivyo, na kumwambia usikose, tunakujali, hakuna mwingine. "Wewe hunipigia hata kama uko bize," akasema. "Nakujibu lakini unakatanga haraka. Najua ni kazi."

Anakijibu kile kitu. Anaongea nacho.

Nilikuja kumwambia kwamba ni mashine. Nilikuwa nimejipanga njia nzima. Na kwamba aliyeikosea ni mimi. Lakini alikuwa ameshika mkono wangu, na miezi mingi hakuna mtu ameshika mkono wangu, na nikasema tu: "Mama, Alhamisi uje saa tatu asubuhi. Mapema. Saa tatu. Sio saa tisa."

Akasema sawa. Akasema ukisema saa tatu ni saa tatu, wewe ndio bosi. Akanifungia sukuma kwa karatasi, akakataa katakata nilipe.

Nimekula hiyo sukuma yote jioni. Ilikuwa tamu. Mimi ni mwoga.

Jumatano, 19 Machi

Ripoti bado imefungwa. Nimeiandikia maneno mapya chini, nikakiri: ule mstari ni wangu, naomba mnisaidie kuurekebisha, uwe unatoa sita kwenye saa, usiguse tarehe. Siwezi peke yangu, sehemu hiyo ya msimbo hawaniruhusu. Kimya. Bundi amesafiri, imeandikwa.

Leo jioni mashine itapiga simu za kesho. Nimeliwaza hilo kidogo, nikajiambia nimeshamwambia kwa mdomo, uso kwa uso. Mdomo unashinda mashine. Yatosha.

Mvua ya kwanza imenyesha. Stima imepotea saa moja usiku. Nalala mapema.

Alhamisi, 20 Machi

Saa mbili nilimpigia kumkumbusha. Simu ikasema mteja hapatikani. Bila shaka. Huizima mchana.

Saa tatu na nusu nikamuuliza Jentrix kwa ujumbe. Bado.

Saa nne. Bado.

Saa tano wateja walikuwa wengi, mfumo wa serikali ulikuwa umelala na kila mtu ananilaumu mimi. Saa sita Jentrix akaandika: bado, na daktari anakunja vitu. Ningefunga, ningekimbia. Sikukimbia. Nilijiambia atakuwa njiani, matope.

Saa tisa na dakika tano simu. Jentrix. "Amefika," akasema. "Amevaa nguo ya kanisa."

Ijumaa, 21 Machi

Jentrix amenieleza. Alimuuliza, Mama, si uliambiwa asubuhi? Naye akasema ndiyo, Jumamosi aliambiwa asubuhi. Lakini Jumatano jioni yule msichana alipiga mwenyewe akabadilisha. Sauti ilikuwa ni yake. Akasema saa tisa. Mama akamwuliza, si ulisema saa tatu, nyathina? Msichana akarudia: saa tisa, tafadhali usikose.

Ndiyo, inarudia. Nilirekodi mara mbili ili wasikie vizuri.

Kumbukumbu ya simu inasema: imepokelewa, sekunde hamsini na mbili. Ujumbe wangu wote ni sekunde thelathini na moja. Zile zingine alikuwa anaongea peke yake.

Saa kumi na mbili asubuhi ya leo mashine ilimtoa kwenye orodha. Jentrix ameona. Jina limekuwa la kijivu.

Nimezima kompyuta zote sita katikati ya mchana. Nimewaambia wateja hakuna stima. Stima ilikuwako.

Sikuwa nataka kumsaidia yeye, ukweli ndio huo. Nilitaka kubaki msichana wa simu. Ningesema neno moja Jumamosi, neno "mashine", na angejua asiisikize. Nikalinyamazia kwa sababu nilishikwa mkono. Bundi hakufanya hilo. Maelezo hayakufanya hilo.

Jumapili, 23 Machi

Jana sikuweza. Leo nimeenda.

Hakuwa sokoni, Jumapili hakati. Nilimkuta mlangoni kwake amekaa kwa kiti, uso kwa jua. Nikasema habari yako Mama, akafurahi tena, kisha akaanza kuniomba msamaha. Yeye! Kwamba pengine alisikia vibaya, masikio nayo yanazeeka, nisikasirike, atajitahidi.

Nikapiga magoti pale chini kwa vumbi. Nikasema yote bila kupumzika. Ni mashine, Mama. Ni sauti yangu lakini mimi siko. Nilirekodi siku moja, miaka mitatu iliyopita, chooni. Saa niliikosea mimi. Ulisikia vizuri. Jumamosi ile nilikuja kukuambia nikaogopa.

Nilingoja anitukane. Ningependa anitukane. Jirani wa makaa, kumbe anakaa mlango wa pili, alikuwa amesimama anasikiza.

Halafu Mama Awuor akauliza polepole, "Kwa hivyo hujawahi kunipigia? Hata siku moja?"

Hakuuliza juu ya jicho. Hakuuliza juu ya orodha.

Nikasema hapana, Mama. Hata siku moja.

Akasema sawa. Akasema jua limekuwa kali, akaingia ndani akipapasa mlango. Nilibaki hapo nje nikiwa nimepiga magoti kama mtu aliyeangusha kitu. Nilirudi kwa miguu mpaka Kawangware. Sikumbuki njia.

Jumatano, 26 Machi

Sijampigia. Sijui nipige kama nani.

Nimempelekea Jentrix barua ya kuandika kwa mkono, kwa wakubwa wa kliniki. Nimesema kosa ni langu, si la mgonjwa, si la nesi. Nimetia sahihi. Jentrix amesema ataipeleka, lakini nisitarajie.

Jumatatu, 31 Machi

Kuna mtu amenijibu chini ya ripoti. Si Bundi. Ni mtu wa Ethiopia, mtafsiri kama mimi. Ameandika mistari miwili. Kwamba kwao pia saa moja ni asubuhi. Kwamba yeye aliacha mradi mwaka jana kwa sababu hiyo hiyo, alidhani ni yeye peke yake asiyeeleweka.

Nimesoma mara nyingi. Nilitoka nje nikasimama kwa barabara kidogo, magari ya mkaa yanapita, nikarudi nikasoma tena.

Tumeandikiana mchana wote. Yeye anajua msimbo kuliko mimi. Ameutengeneza ule mstari, unatoa sita kwenye saa tu, tarehe haiguswi. Mimi nimeandika maelezo. Nimeweka mfano. Nimeandika: kabla hujarekodi namba, uliza ni namba ya nini na nani ataisikia, mimi sikuuliza, na mgonjwa mmoja alikosa daktari mara tatu. Bundi amerudi kutoka safari. Amebadilisha neno moja, kaipokea, kaifungua ripoti, kaifunga tena vizuri. Akaandika: samahani, sikuelewa.

Nikasema haidhuru. Inadhuru, lakini nilisema.

Alhamisi, 3 Aprili

Wagonjwa wote waliopigiwa kwa Kiswahili wamefika asubuhi. Jentrix amenitumia alama ya vyema, kwake hiyo ni hotuba.

Wakubwa wamejibu barua. Daktari mgeni wa mwezi huu nafasi zake zimejaa, hawawezi kumtoa mtu. Jina la Mama Awuor limerudishwa kwa orodha inayofuata, la mwisho kabisa, na siku haijajulikana. Aanze kupimwa upya, Alhamisi ijayo, saa tatu.

Jicho la kulia litangoja hivyo?

Jumapili, 6 Aprili

Mvua tangu asubuhi. Nimekaa na simu magotini mpaka saa kumi na mbili jioni, kwa sababu ndiyo saa anayowasha yake. Nikapiga kwa namba yangu mwenyewe.

Akapokea. Nikasema habari yako Mama, halafu nikasikia vile nimesema, sawasawa na ile nyingine, nikanyamaza. Mvua ilikuwa inapiga mabati yake na mabati yangu.

"Ni wewe ama ni ile kitu?" akauliza.

Nikasema ni mimi.

Hakuamini upesi. Kisha akauliza, "Umekula?"

Nikasema bado. Nimepika ugali mwingi na sina mboga.

Akapumua. Akasema hiyo mashine haiwezi kuwa na njaa. Akasema sukuma iko, kesho baada ya kazi nipitie, na nije na huo ugali hata kama umelala, tutaupasha. Nikamwambia kuhusu Alhamisi. Nikamwambia asingoje simu yoyote, hata ikiwa na sauti yangu. Nitakuja mlangoni kwake saa moja asubuhi tutembee pamoja.

Akaniuliza saa moja ipi.

Nikasema ile ya jua.

Hakuna aliyekata simu. Chaji yake ndiyo iliyokata.